Mkubwa kwa Wadogo, Mdogo kwa Wakubwa

Anayetaka kuona jinsi umri mmoja unavyoweza kubeba watu wa aina mbili asimame pembeni mwa uwanja wa shule ya msingi asubuhi, darasa la sita linapopanga mstari. Wasichana wanne au watano wamewapita wavulana kwa kichwa kizima. Mmoja wao amekunja mabega na kukumbatia madaftari kifuani, ijapokuwa mkoba anao mgongoni. Nyuma yake mvulana aliyekuwa akilingana naye mwaka jana anasimama kwa ncha za vidole, asije mwalimu wa zamu akamsogeza mbele kwa wafupi. Wote wawili wana miaka 12.

Jambo hilo lina maelezo rahisi. Wasichana wengi huanza kubalehe kati ya miaka 8 na 13, wavulana kati ya 9 na 14. Kasi kubwa ya kurefuka humfikia msichana anapokaribia miaka 12, akaongezeka sentimita 8 hivi kwa mwaka. Mvulana hufuata miaka miwili baadaye, naye huongezeka sentimita 9 au 10. Tatizo ni kwamba watu wazima hawahesabu miaka, wanatazama kimo. Msichana mrefu wa miaka 11 hukabidhiwa mdogo wake wa kubeba, ndoo ya lita 20, na macho ya wanaume njiani. Mvulana mfupi wa miaka 13 hutumwa dukani kama wa miaka minane na kuchekwa anapokosea chenji.

Nyumbani miaka hii hutawaliwa na sentensi moja: "Wewe si mtoto tena." Hutamkwa anapolia, anapotaka kulala chumbani kwa mama siku ya radi, anapomwomba baba amsindikize shuleni. Siku hiyohiyo akiuliza mshahara wa baba unaishia wapi, ataambiwa anyamaze, hayo ni ya wakubwa. Amefukuzwa utotoni, na kwenye utu uzima hajafunguliwa mlango.

Mfumo wa afya nao humpa kisogo. Tangu kuzaliwa hadi miaka mitano mtoto ana kadi ya kliniki: anapimwa uzito, anachanjwa, mama yake anaulizwa anamlisha nini. Baada ya hapo kadi hutiwa kabatini pamoja na vyeti vya ndoa, na mtoto asiyeugua sana anaweza kufika miaka 18 bila mhudumu wa afya kumtazama vizuri hata mara moja. Fursa iliyopatikana katikati ni chanjo ya HPV, inayokinga dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi. Rwanda ilitangulia Afrika kuitoa nchi nzima, mwaka 2011. Tanzania ilianza 2018 kwa wasichana wa miaka 14, kisha Aprili 2024 ikawafikia wa miaka 9 hadi 14 kwa dozi moja tu. Kenya ilianza 2019 na wasichana wa miaka 10.

Kila kampeni hufuatwa na uvumi kwamba sindano hiyo inaua uzazi, na wahudumu hutumia muda mwingi kuuzima. Lakini hasara nyingine haizungumzwi. Muuguzi amefika shuleni, wasichana wamepanga foleni, walimu wapo. Nusu saa zaidi ingetosha kuwaeleza hedhi ni nini na kupima macho ya darasa zima, kwa maana uoni hafifu wa mbali mara nyingi hujitokeza umri huuhuu, na mtoto aliyekuwa akinakili vizuri darasa la tatu huanza kuitwa mzembe darasa la tano kwa sababu haoni ubaoni. Sindano ikishachomwa, gari huondoka. Wavulana, ambao hawakuitwa kabisa, hubaki wakichungulia dirishani na kuulizana wenzao wana ugonjwa gani.

Zamani, pwani na sehemu nyingi za bara, kazi ya kumweleza mtoto juu ya mwili wake ilikuwa na mwenyewe. Msichana akivunja ungo alikabidhiwa somo, mwanamke asiye mama yake, aliyechaguliwa kwa hekima na kuaminika. Wavulana walikuwa na jando. Si busara kuyasifu mambo hayo bila kuyachuja. Unyago ulimfundisha mtoto wa miaka 12 mambo ya ndoa, ukamtoa shuleni kwa majuma, na mikoa ya Lindi na Mtwara imebishana miaka mingi jinsi ya kuzisogeza sherehe hizo ziangukie likizo. Hata hivyo kulikuwa na kitu kimoja ambacho mitaala ya kisasa haijakipata: mtu mzima mmoja, anayejulikana kwa jina, ambaye kazi yake ni mtoto huyu. Leo msichana anakaa Mbagala, somo wake alibaki Tandahimba, mama anarudi kutoka kwenye biashara saa mbili usiku. Aliyebaki kumfundisha ni mwenzake wa dawati moja, naye hajui zaidi yake.

Katikati ya miaka ya 2000 mtafiti Marni Sommer wa Chuo Kikuu cha Columbia alifanya kazi na wasichana mkoani Kilimanjaro, akawaomba waandike kisa cha hedhi yao ya kwanza. Visa vilijaa hofu: aliyedhani ameumia, aliyedhani anaumwa, aliyeficha nguo na kukaa kimya. Kutokana na maandishi kama hayo kilitungwa kitabu chembamba cha Kiswahili kwa wasichana wa miaka 10 hadi 14, kikasambazwa shuleni nchini. Cha wavulana kilifuata. Uzuri wake ni kwamba anayezungumza humo si daktari wala mwalimu wa biolojia, bali msichana mwingine wa Kitanzania anayesimulia yaliyompata akiwa darasani au njiani kurudi nyumbani.

Wazazi wengi husema wanangojea wakati ufike ndipo waeleze. Mwili hausubiri kimya. Unatoa taarifa mapema. Tangu matiti yanapoanza kuchomoza hadi hedhi ya kwanza hupita takriban miaka miwili au zaidi kidogo. Mama, shangazi au bibi ana muda wote huo wa kutafuta siku tulivu, wakati wa kusukana nywele au kuchambua mchele, na kulisema jambo hilo kwa maneno ya kawaida. Akilisema baada ya doa kuonekana kwenye sketi amechelewa, maana darasa limekwisha kulisema kabla yake.

Sheria pia ina nafasi yake. Kenya ilibadilisha Sheria ya Elimu ya Msingi mwaka 2017 na kuipa serikali wajibu wa kuwapa wasichana wa shule sodo bila malipo. Tanzania iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike mwaka 2018, ikairudisha 2019 kwa maelezo kwamba bei haikumshukia mnunuzi. Pedi hata zikipatikana, choo cha shule kisicho na mlango wala maji humrudisha msichana nyumbani saa nne asubuhi.

Kwa wavulana hakuna sheria wala sherehe, labda tohara tu, nayo siku hizi mara nyingi hufanyika hospitalini akiwa mdogo. Ndoto nyevu, sauti inayokwaruza katikati ya wimbo wa taifa, jasho lenye harufu mpya: baba wangapi wamewahi kuyataja? Wapo wanaoamini mvulana atajua mwenyewe. Anajua kweli, kutoka kwenye simu ya kaka wa jirani.

Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na wenzao wa nchi mbalimbali walichapisha matokeo ya mazungumzo na watoto wa miaka 10 hadi 14 pamoja na wazazi wao. Miongoni mwa miji iliyohusika ilikuwemo Nairobi na Kinshasa. Kote, kuanzia karibu na miaka 10, dunia ya msichana ilianza kufinywa na ya mvulana kupanuliwa. Msichana aliambiwa awahi nyumbani, avae hivi, aachane na marafiki wa kiume aliocheza nao tangu utotoni, kwa sababu mwili wake sasa ni hatari. Mvulana aliambiwa atoke, ajitegemee, asilie. Wazazi walidhani wanawalinda. Walichokifanya ni kumwondolea kila mmoja kitu alichokihitaji: binti nafasi, na kijana ulinzi. Mvulana wa Korogocho au Tandale aliyeachiwa barabara akiwa na miaka 11 hakupewa uhuru. Ameachwa, na waliomwacha hawajioni kuwa wamefanya kosa.

Kila badiliko kati ya haya, likija peke yake, mtoto analimudu. Shida ni pale yanapokuja kwa mpigo.

Hilo lilionyeshwa wazi na mwanasosholojia Roberta Simmons na mwenzake Dale Blyth, waliowafuatilia watoto wa mji wa Milwaukee, Marekani, tangu darasa la sita katika miaka ya 1970, na kuchapisha kitabu mwaka 1987. Milwaukee ilikuwa na mifumo miwili. Baadhi ya watoto walibaki katika shule ileile hadi darasa la nane. Wengine walihamishwa kufika darasa la saba na kupelekwa shule kubwa ya kati, yenye walimu wengi na sura ngeni. Wasichana waliohamishwa walipoteza sehemu ya imani waliyokuwa nayo juu yao wenyewe. Waliobaki hawakupoteza. Kisha watafiti wakahesabu mabadiliko yaliyompata kila mtoto karibu wakati mmoja: kubalehe, kuhama shule, kuhama mtaa, wazazi kutengana. Kadiri yalivyoongezeka ndivyo alama za darasani zilivyoshuka, na mtoto akajiondoa kwenye michezo na vikundi. Simmons alieleza kwamba mtoto wa umri huu anahitaji angalau sehemu moja ya maisha yake itulie, mahali pa kupumulia, ndipo aweze kuyakabili mengine.

Mwaka 1993 Jacquelynne Eccles na wenzake wa Michigan waliongeza jambo linalopaswa kusomwa katika kila chumba cha walimu. Waligundua kwamba shule hukaza kamba wakati uleule mtoto anapoanza kutaka kuamua mambo. Walimu wa darasa la saba waliwaamini wanafunzi kidogo kuliko walimu wa darasa la sita, waliwadhibiti zaidi, waliwapa nafasi chache za kuchagua, na hawakuwajua kwa karibu. Kushuka kwa ari, kunakoitwa utundu wa balehe, kulikuwa kwa sehemu kazi ya shule yenyewe.

Kenya iliingia katika jaribio kama lile la Milwaukee karibu bila kukusudia. Mtaala wa Umilisi ulipoung'oa mfumo wa 8-4-4, mpango wa awali ulikuwa kuwahamishia watoto wa Gredi ya 7 katika shule za sekondari. Mwishoni mwa 2022 jopo la Rais la mageuzi ya elimu, chini ya Profesa Raphael Munavu, lilipendekeza Sekondari Msingi, yaani Gredi ya 7 hadi ya 9, ibaki ndani ya shule za msingi. Mapema 2023 watoto wa kwanza wakaanza. Sababu zilizotajwa zilikuwa za busara ya kawaida: umri mdogo wa watoto hao, gharama za mabweni, umbali, madarasa yaliyokuwepo. Wazazi wengi walinung'unika. Mtoto amefanya mtihani wa Gredi ya 6, amenunuliwa sare mpya, na bado anaingia kwa lango lilelile?

Kwa macho ya Milwaukee, lango lilelile lilikuwa zawadi. Msichana wa miaka 12 aliamka kwao, akapita njia aliyoizoea, akakutana na mpishi wa uji anayemjua. Badiliko moja lilikuwa limepunguzwa kwenye mzigo wake. Lakini waliobuni mpango huo walisahau kwamba mahali pa kupumulia ni watu kwanza, majengo baadaye. Shule nyingi zilianza na mwalimu mmoja au wawili wa Sekondari Msingi, wakati masomo yalikuwa 12 ya lazima na mengine ya hiari. Yalipunguzwa kuwa tisa mwaka 2024. Sayansi ilifundishwa bila maabara. Maelfu ya walimu walikuwa wanagenzi waliolipwa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato, na kufika Mei 2024 walikuwa barabarani wakidai ajira ya kudumu, huku watoto wakikaa darasani peke yao. Mwalimu ambaye hajui kama atakuwepo muhula ujao ana sababu gani ya kujifunza majina 60?

Tanzania ina mlima wake, na uko mwishoni mwa darasa la saba. Septemba mtoto anafanya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi. Januari anaingia kidato cha kwanza, mara nyingi katika shule nyingine, mbali zaidi na kwao. Wengine wanapanga vyumba mtaani, jambo linaloitwa "kugheto", wakiwa na miaka 13 au 14 na jiko la mkaa. Juu ya hayo yote lugha inageuka. Aliyesoma Sayansi na Hisabati kwa Kiswahili miaka saba anaambiwa baada ya wiki chache za mafunzo ya awali kwamba sasa atajifunza usanisinuru kwa Kiingereza. Mtoto aliyekuwa akinyoosha mkono kila dakika huanza kunyamaza, na ukimya huo walimu wengi huuita adabu.

Hesabu kwa mizani ya Simmons: mwili, shule, lugha, makazi, marafiki, na kwa wengine mzazi ambaye sasa wanamwona likizo tu. Mabadiliko sita ndani ya miezi minne.

Familia haina mamlaka juu ya lugha ya kufundishia, lakini ina uwezo wa kupunguza idadi. Inaweza, kwa mfano, kuamua kwamba mwaka wa kwenda sekondari si mwaka wa kuhamishia mtoto kwa mjomba. Inaweza kuchagua shule ya kutwa iliyo karibu kuliko ya bweni yenye jina, angalau kwa miaka miwili ya mwanzo. Serikali ilikwisha kuona sehemu ya jambo hili: mwaka 2023 Kamishna wa Elimu alipiga marufuku bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne. Darasa la tano halikuguswa, na hapo ndipo shule nyingi binafsi huanza kuwahimiza wazazi walete magodoro, "ili mtoto ajiandae vizuri na mtihani".

Mzazi asiyejua Kiingereza naye hana sababu ya kujiuzulu. Jioni anaweza kumtaka mtoto amweleze kwa Kiswahili alichofundishwa kwa Kiingereza. Kama hawezi kukieleza, basi hakukielewa, na wote wawili wamejua mapema. Vipindi kama Ubongo Kids, katuni ya hesabu na sayansi iliyoanza kurushwa kutoka Dar es Salaam mwaka 2014, vimeonyesha kwamba mtoto wa Kitanzania haikimbii hesabu inapozungumza lugha yake na kuimba.

Suala la fimbo haliwezi kurukwa. Kenya iliipiga marufuku shuleni mwaka 2001. Tanzania Bara bado inairuhusu kwa kanuni: si zaidi ya viboko vinne, kwa kosa kubwa, na mkuu wa shule au aliyemruhusu kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe. Aliyewahi kupita karibu na shule saa za asubuhi anajua kanuni hiyo inavyoheshimiwa. Utetezi wa kawaida ni kwamba bila fimbo darasa la watoto 90 wanaobalehe litakuwa soko.

Utetezi huo ulipimwa wilayani Luwero, Uganda, katika shule za msingi 42, kwa wanafunzi wa darasa la tano hadi la saba, yaani umri huuhuu. Nusu ya shule zilichaguliwa kwa kura kutumia mwongozo wa shirika la Raising Voices: walimu na wanafunzi walitunga kanuni pamoja, wakaunda kamati, wakajifunza adhabu zisizoumiza mwili, wakatengeneza mazingira. Baada ya miezi 18, wanafunzi waliosema wamepigwa na mtumishi wa shule katika wiki iliyopita walikuwa asilimia 31 katika shule hizo, na asilimia 49 katika nyingine. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Lancet Global Health mwaka 2015. Alama za masomo hazikupanda, na ni vizuri kulisema hilo wazi. Hazikushuka pia. Shule hazikugeuka soko. Asilimia 31 bado ni kubwa, lakini anayesema kipigo hakiwezi kupunguzwa Afrika Mashariki sasa anabishana na takwimu.

Jambo la kutunga kanuni pamoja ndilo la kuazima. Kwa mtoto wa miaka 11, kuulizwa "unadhani anayechelewa afanyweje?" ni heshima ambayo huenda hajawahi kuonyeshwa. Mara nyingi hupendekeza adhabu kali kuliko mwalimu, kisha huilegeza mwenyewe baada ya kujadiliana na wenzake. Nyumbani hali ni hiyohiyo kuhusu saa ya kurudi, zamu ya vyombo na matumizi ya simu.

Usingizi hauhitaji maneno mengi, unahitaji saa ya ukutani. Wataalamu wa usingizi wa Marekani wanapendekeza saa 9 hadi 12 kwa usiku kwa watoto wa miaka 6 hadi 12. Basi la shule likipita saa kumi na moja alfajiri, kama linavyopita katika mitaa mingi ya Dar es Salaam na Nairobi, mtoto ameamka saa kumi na nusu. Ili apate saa tisa, alipaswa kulala saa moja na nusu usiku, muda ambao wengi ndiyo kwanza wanafungua daftari la kazi za nyumbani. Kanuni za elimu za Kenya za 2015 zinasema masomo ya kutwa yaanze saa mbili asubuhi na kuisha saa tisa na nusu. Masomo ya ziada wakati wa likizo yamekatazwa na sheria ya 2013. Wazazi hulalamika shule hazifuati, huku wenyewe wakilipia masomo ya Jumamosi. Anayesoma shule ya serikali mjini ana adha nyingine, ya kusimama kituoni akiona daladala tatu zikimpita kwa sababu nauli yake ya mwanafunzi haimnufaishi konda.

Kisha kuna simu. Mitandao mikubwa kama TikTok na WhatsApp imeweka miaka 13 kuwa umri wa chini, na kila mzazi anajua jinsi tarehe ya kuzaliwa inavyoandikwa uongo, mara nyingine na mzazi mwenyewe. Utafiti wa UNICEF, ECPAT na INTERPOL kuhusu usalama wa watoto mtandaoni, uliochapishwa kwa Kenya mwaka 2021 na kwa Tanzania mwaka uliofuata, ulizungumza na watoto wa miaka 12 hadi 17. Waliowahi kusumbuliwa kingono mtandaoni wengi walinyamaza. Waliosema walimwambia rafiki au ndugu, si polisi wala mwalimu. Mtoto anayejua kwamba akisema atanyang'anywa simu, au ataulizwa "ulikuwa unatafuta nini huko?", amekwisha kupewa sababu ya kutosema. Ahadi ya mapema, kwamba akileta jambo hatapigwa wala kunyang'anywa, ina kazi kubwa kuliko programu yoyote ya kuzuia. Namba 116, ya simu ya msaada kwa watoto nchini Kenya na Tanzania, hupigwa bure, na inafaa kubandikwa mahali mtoto anapoiona bila kuomba.

Huenda kilicho kigumu zaidi kwa mzazi wa mjini ni kukaa tu. Mwanzoni mwa muongo huu Tanzania ilitekeleza mradi wa malezi ulioitwa Furaha, uliowaketisha pamoja wazazi na wasichana wa miaka 9 hadi 14 kwa mfululizo wa vikao. Baadhi ya mada zilikuwa za kutarajiwa: kuzuia hasira, kusifu, kuweka kanuni. Mojawapo iliwashangaza wengi, nayo ni bajeti ya familia, ipangwe mtoto akiwepo. Mtoto anayeona kwamba elfu tano ya siku imegawanywa kwenye unga, mboga, maji na nauli haombi viatu kwa namna ileile. Lile swali la mshahara wa baba, ambalo kwa kawaida hujibiwa kwa kukaripiwa, linageuka somo la hesabu na la kuaminiana kwa pamoja.

Muda wa pamoja katika mafunzo ya aina hiyo ni mdogo kuliko wazazi wanavyoogopa: dakika chache kwa siku, mtoto akichagua la kufanya, mzazi asitoe mawaidha. Hilo la mwisho ndilo linalowashinda wengi.

Walimu nao wana njia isiyo na gharama. Mwalimu mlezi mmoja anaweza kupanda na darasa lake kutoka la tano hadi la saba badala ya kubadilishwa kila Januari. Shule ya sekondari inaweza kuwaalika wa darasa la saba Novemba, waone madarasa, wakutane na wa kidato cha pili waliotoka shule yao. Likizo ndefu kati ya mtihani wa Septemba na Januari, ambayo watoto wengi huimalizia vijiweni au kwenye kozi za Kiingereza za kubahatisha, inatosha kabisa kwa ziara mbili tatu za aina hiyo.

Muda wa kujiandaa unayoyoma. Chini ya mtaala mpya wa Tanzania, elimu ya msingi inafupishwa kutoka miaka saba hadi sita. Watoto walioanza darasa la tatu Januari 2024 wanatarajiwa kumaliza darasa la sita mwaka 2027, mwaka uleule ambao waliowatangulia watamaliza la saba. Makundi yote mawili yataingia kidato cha kwanza pamoja mwaka 2028. Katika chumba kimoja watakuwemo wa miaka 12 ambao bado wana sauti za kitoto na wa miaka 14 wenye ndevu za kwanza, idadi ikiwa karibu mara mbili, wote wakianza siku moja kusoma kwa Kiingereza. Hesabu za madawati na madarasa zimekwisha kuanza kutajwa. Ya walimu walezi, vyoo vyenye milango, na nani atamjua nani kwa jina, bado.